Fahamu: Kwa nini tunajibu “nzuri” hata nyumbani kukiwa na mgonjwa

Kibirizi, Kigoma, boti za Kongo na Burundi zikipakia mizigo, mtu huulizwa habari za nyumbani akajibu, “Nzuri, ila mtoto amelazwa.” Wapo wanaouita huu unafiki. Mimi sioni hivyo: sehemu ya kwanza inapokea salamu, ya pili inabeba habari, na mnafiki angeishia kwenye “nzuri”. Anayeanza na msiba kabla ya kuitikia ndiye huonekana hana adabu.

Kireno, lugha rasmi ya SADC kama Kiswahili kilivyo tangu 2019, hakiko mbali na desturi hii. Mgeni wa Msumbiji akikuuliza “Tudo bem?”, mwanamume hujibu “Tudo bem, obrigado”, mwanamke “obrigada”, kisha humrudishia swali: “E o senhor?” kwa bwana, “E a senhora?” kwa bibi. Kunyamaza hapo, kusema kweli, ni kosa kubwa kuliko matamshi mabovu. Pingamizi lenye uzito dhidi ya desturi hii ni la hospitali, ambako “nzuri” inaweza kuficha homa. Ni kweli, lakini anayepaswa kuuliza mara ya pili ni muuguzi.