Kipupwe Watamu: punguza kitanda, lipia mwongozaji

Julai ya mwaka juzi, mwezi ukiwa mpevu, nililipia saa mbili za kayaki katika hori la Mida nikapata saa moja ya maji na saa moja ya tope. Mwenye kayaki alipokea pesa zangu saa tatu asubuhi bila kunitajia kwamba maji yalikuwa yanatoka. Kufikia saa nne nilikuwa nimezama hadi magotini, naburuta chombo kati ya mizizi ya mikoko, na kaa wamejipanga juu ya tope wakinitazama kama watu waliokuja kushuhudia ugomvi sokoni. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya jirani yake. Hiyo ndiyo iliyonivuta.

Tangu siku hiyo nikipanga safari ya kipupwe naanza kwa kupima hakika ya kukipata ninachokilipia, ndipo nije kwenye bei. Na Watamu ni mahali pazuri pa kujifunza hesabu hiyo, kwa sababu vitu vitatu viko umbali wa tuktuk tu: hori la kupiga kasia, msitu wa kutembea, na bahari wanakopita nyangumi. Kusi haivitendei vyote sawa.

Kufika

Kutoka Nairobi, treni ya SGR tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Madaraja yote mawili yanafika kwa wakati mmoja. Ukijinyima kiti laini, kwenda na kurudi umebaki na 6,000, na pesa hizo zina kazi msituni. Lakini treni inakuacha Miritini. Hapo bado una gari la kuingia Mombasa, matatu ya Malindi ya kushukia Gede, halafu tuktuk au bodaboda hadi Watamu. Ukiondoka Nairobi asubuhi, siku nzima imeisha barabarani na usiku unalipa chumba ambacho hukukifaidi.

Basi la usiku la Nairobi hadi Malindi linapita Gede. Unalala kitini, mgongo utalalamika, lakini umeokoa bei ya usiku mmoja na umepata asubuhi. Ndege ya kutua Malindi inamfaa mwenye siku mbili tu. Mwenye siku nne atakuwa amenunua haraka asiyoihitaji.

Kitanda

Hapa ndipo pa kubana. Kuanzia Mei hadi Julai wageni ni wachache, mwani umetapakaa ufukweni, na hoteli nyingi hushusha bei. Nyingine hufunga kwa ukarabati. Agosti shule zikifungwa na Waitaliano wakija, mambo hubadilika. Kwa hiyo Julai uliza bei ya usiku tatu kwa pamoja, si ya usiku mmoja, na usione haya kuomba ipunguzwe.

Jihadhari na kifurushi cha kila kitu. Safari ya namna hii hukutoa kitandani alfajiri, na mchana uko majini au njiani. Utakuwa unalipia mlo mezani huku wewe unakula mahamri na mbaazi kibandani Gede. Kulala na kifungua kinywa kunatosha, tena omba wakufungie hicho kifungua kinywa ubebe.

Hori

Mida imezungukwa na mikoko, na mikoko ni ukuta. Siku ambayo nje mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, ndani mtu asiyewahi kushika kasia anaweza kujifunza. Adui wa kayaki kipupwe ni maji kupwa, na maji yana ratiba isiyobembelezwa. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ya pwani yetu hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo yamejaa, na asubuhi ndiyo kwa kawaida upepo umetulia. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi.

Basi kayaki ya bei ya chini kwa saa mbaya ni ghali kuliko ya bei ya juu kwa saa nzuri. Linganisha wauzaji kwa maswali matatu: tutaingia maji yakiwa wapi, jaketi la kuokoa maisha limo kwenye bei, na je, kuna mtu atakayekwenda nami? Mwongozaji wa Mida atakuonyesha mkoko, mchu na mlilana, na ataujua mfereji ambao bado una maji wenzake wote wakiwa wamekwama. Asiyetaka kupiga kasia achukue mtumbwi wa kusukumwa kwa upondo, au atembee kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko. Kiingilio chake huchangia karo za watoto wa shule wanaoishi kandokando ya msitu.

Tahadhari moja kwa wapenda ndege: makundi makubwa ya ndege wa pwani wanaohamia kutoka kaskazini hayapo Julai. Wengi huanza kurudi Agosti na Septemba. Ukija kwa ajili yao, panga safari ya kaskazi.

Msitu

Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio msitu mkubwa zaidi uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Upepo wa baharini hauuhusu, na kipupwe joto lake linavumilika. Unaweza kuingia peke yako, ukatembea saa tatu, ukatoka umeona miti.

Mimi niliingia na mwongozaji. Alfajiri alinisimamisha, akanyoosha kidole kwenye majani makavu yaliyokuwa yakichakacha. Akatokea sange, pua ndefu kama mkonga mdogo, matako ya rangi ya dhahabu, akatimka kabla sijavuta pumzi. Baadaye, kwenye vichaka vya udongo mwekundu, aliniambia, "Kaa hapa dada, usiseme neno." Akapotea kichakani karibu nusu saa. Aliporudi alinipeleka hadi kwenye tawi la chini, na juu yake amelala bundi wa Sokoke, urefu wake kama kiganja na vidole vyake, rangi ileile ya jani lililonyauka. Ningepita hapo mara mia nisimwone.

Hizo ndizo shilingi zangu zilizofanya kazi kuliko zote. Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao na hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukipewa bei yoyote, uliza kama ada imo.

Nyangumi

Nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kuzalia kwenye maji ya joto, na Watamu huonekana kati ya Julai na Septemba. Kusi hiyohiyo ya miezi hiyo ndiyo huzuia mashua kutoka. Kwa hiyo hapa unanunua bahati.

Bahati inunuliwe kwa kuchangiana. Tuseme mashua inakodishwa kwa 24,000: mkiwa wanane ni 3,000 kila mtu, mkiwa wawili ni 12,000. Usilipe zote kabla ya kuafikiana juu ya mambo mawili: bahari ikichafuka pesa zinarudi au siku inasogezwa, na mashua haitawakimbiza wanyama. Nahodha anayekataa kutoka asubuhi ya mawimbi amekufaa zaidi kuliko anayesema hamna shida. Pomboo, kwa upande wao, hukaa eneo hili mwaka mzima; ukikosa nyangumi huenda wakakupoza.

Uamuzi wangu

Mwenye fedha kidogo achukue msitu na hori, vyote kwa mwongozaji, aache mashua. Akiwa na ziada na wenzake wa kuchangia, aongeze nyangumi, ila siku ya kwanza, ili pepo zikikataa abaki na siku nyingine ya kujaribu. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe asubiri mwisho wa Agosti au Septemba: kusi inaanza kuchoka, nyangumi bado wapo, na ndege wameanza kurudi. Chumba kitapanda bei kidogo, nami ningelilipa.

Mwaka jana nilirudi Mida mwezi ukiwa nusu. Saa nne asubuhi, saa ileile niliyokuwa nimekwama, kayaki ilipita juu ya mahali pale, na mizizi niliyokuwa nimeshikilia ilikuwa chini ya maji.