Waelmolo: Jamii Ndogo ya Ziwa Turkana

Wasomaji wenzangu, tukiulizwa tutaje makabila ya Kenya, sote huanza kwa mbio: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakalenjin, Wamijikenda. Tukifika la kumi hivi, tunaanza kukuna vichwa. Leo nataka kuwaeleza juu ya jamii ambayo mara nyingi haifikiwi kwenye orodha hiyo. Nayo ni Waelmolo. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa watu 1,104 tu, nchi nzima! Hebu kusanya wanafunzi wa shule mbili tatu kubwa za kutwa uone kama hutaipita idadi hiyo.

Kwanza tujue wanakoishi. Fungua ramani uangalie kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit. Hapo pana mji mdogo wa Loiyangalani, jina la Kisamburu lenye maana ya mahali penye miti mingi. Miti yenyewe ni mikoma iliyoota kando ya chemchemi, kwani ukitoka hapo kidogo tu ni mawe meusi ya volkano na jua kali. Kaskazini ya mji kuna Ghuba ya El Molo, penye vijiji vya Layeni na Komote. Upande wa mashariki umesimama Mlima Kulal, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,200. Upepo wa huko si mchezo. Ndio uliofanya kusini ya Loiyangalani kujengwe mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310 hivi, iliyofunguliwa rasmi 2019.

Mtu atasema, "Basi hawa wana bahati, maji wanayo tele." La! Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa hilo huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, lakini hakuna mto unaotoka ziwani. Jua huyafyonza maji, magadi hubaki. Tena maji hayo yana floridi nyingi, ambayo huharibu rangi ya meno na hata kudhoofisha mifupa ya wanaoyanywa kwa miaka mingi.

Pamoja na hayo, ziwa ndilo shamba lao na ndilo zizi lao. Tangu jadi Waelmolo ni wavuvi. Walifunga magogo ya mikoma pamoja yakawa vyelezo, wakasuka nyavu kwa nyuzi za mkoma huohuo, na wakaezeka vibanda vyao vya mviringo kwa makuti na matete. Samaki wakubwa waliwachoma kwa chusa. Zamani waliwinda hata kiboko, na aliyemuua alipata heshima kubwa mbele ya watu.

Majirani zao wafugaji, waliohesabu utajiri kwa ng'ombe, waliwadharau. Inasemekana hata jina Elmolo lilitokana na maneno ya Kisamburu yanayomaanisha watu wanaokula samaki. Mnamo Machi 1888, Mhungaria Sámuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika ziwani wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Kana kwamba waliolivua miaka yote hawakuwa na jina la kuliita! Jina la Turkana lilitolewa 1975.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Waelmolo walikuwa na lugha yao, ya jamii ya Kikushi, yenye undugu na lugha za watu wa bonde la Omo. Leo wanazungumza Kisamburu. Lugha haikupigwa marufuku na mtu. Waliishi na Wasamburu, wakaoana nao, wengine wakafuga kama wao, na watoto wakakua na lugha ya wengi. Mtaalamu Mjerumani Bernd Heine alipokwenda kukusanya maneno yake kabla ya katikati ya miaka ya 1970, waliokuwa wakiikumbuka ni wazee wachache mno. Kumbe lugha hufa polepole, sebuleni, watu wakiwa wanaongea na kucheka!

Na ziwa nalo halijawaacha. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda sana. Komote, mahali watu walipokuwa wakifika kwa miguu, pakazungukwa na maji, na watoto wakalazimika kuvuka kwa mashua kwenda shule. Makaburi ya wazee wao nayo yalifunikwa. Jamii ya watu milioni ikipoteza kijiji, imebaki na vingine elfu. Jamii ya watu elfu moja ikipoteza kijiji, imepoteza nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 56, inaitaka serikali iyasaidie makundi madogo yashiriki katika uongozi, yapate elimu, maji na afya, na yakuze lugha na utamaduni wao. Maneno ni matamu. Yakitimizwa yatakuwa matamu zaidi.

Kuna wanaodhani sisi wa chama cha Kiswahili tunataka lugha nyingine zife. Sivyo hata kidogo. Kiswahili kinatukutanisha sokoni, darasani na ndani ya matatu, lakini hakikuja kufukuza lugha ya nyanya jikoni. Kwetu mama ameweka sheria kwamba wakati wa chakula cha jioni ni Kikamba tu, na anayeshindwa na neno huliuliza. Ni sheria ndogo, haina gharama. Waelmolo sasa wakitafuta neno la babu zao hulitafuta katika vitabu vya wageni. Wewe bado unaweza kumwuliza nyanya yako. Muulize leo jioni, kwani mwacha mila ni mtumwa.