Elimu ya Jamii na Mageuzi ya Dini Kampala

Mwanafunzi wa elimu ya jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere hahitaji safari ndefu kutafuta somo. Akiteremka kilimani hadi Barabara ya Bombo, atafika mahali palipokuwa na sinema ya Norman, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa kanisa. Kanisa hilo, liitwalo Watoto, lilianzishwa mwaka 1984. Miaka 7 kabla yake, Idi Amin alikuwa amepiga marufuku makundi 27 ya dini, na baadhi ya waumini wakawa wakisali majumbani kwa siri.

Katika sensa ya 2002 Wapentekoste walikuwa asilimia 4.6 ya wananchi. Mwaka 2014 wakafikia 11.1. Tarakimu hizo pekee hazisemi kwa nini. Kijana aliyetoka kijijini, au mke wa askari aliyehamishwa kambi, hana ukoo mjini. Waumini wenzake ndio humwuguza, humsimamia arusini na humzika. Kumbe kijijini wazazi, Wakatoliki tangu enzi za babu, huuliza: je, mwana wetu atazikwa na nani? Mwanafunzi hakutumwa kuamua imani iliyo ya kweli. Ametumwa amsikilize mzazi na mwana, kila mmoja peke yake, kabla ya kuandika neno.