Kochi la Ngozi na Tahara ya Nyumba

Ndugu msomaji, katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake), twaelezwa ya kuwa tandiko la kulalia la Mtume wetu (S.A.W.) lilikuwa la ngozi, nalo lilijazwa nyuzi za mtende. Basi kuketi juu ya ngozi si jambo geni kwetu. Lililo geni ni kochi, ambalo sasa limeingia katika nyumba nyingi za Moshi na za huku kwetu Tarakea. Mtu hulinunua kwa akiba ya miaka, kisha huliona likipasuka kwa kutojua kulitunza.

Wazazi wa wanafunzi huniuliza mara kwa mara: Mtoto akikojoa juu ya kochi, litatahirishwaje nalo lisiharibike? Wako walimwagialo ndoo za maji hata likawa gumu kama ubao. Na wako walipangusao kwa kitambaa kikavu tu wakadhani limetahirika. Njia ya sawa i baina ya hizo mbili.

Kwanza yatupasa kuijua ngozi. Ngozi ni nyuzi zilizoshikamana, nazo huzuiwa zisioze kwa dawa ya kutengenezea, ama ya magome, kama ya miwati ipandwayo Njombe, ama ya chumvi za kromiamu. Ulaini wake watokana na mafuta yaliyo baina ya nyuzi hizo. Maji mengi huyatoa mafuta hayo. Jua kali na moto huikausha. Na unyevu wa kudumu huiotesha koga.

Sasa lije jawabu, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi. Ukauke mkojo kwanza kwa kitambaa kinywacho maji, ukikibandika na kukiinua bila ya kusugua. Kisha mimina maji safi kidogo kidogo mpaka yaenee pale palipopatwa. Ikiwa rangi na harufu vimeondoka, mara moja yatosha. Kikombe kimoja aghalabu hutosha, si ndoo. Papo hapo uyakaushe maji, uliache kochi katika upepo. Mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, naye hajala ila maziwa, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea. Ama mkojo ukipenya katika mshono, fungua mto, uoshe sifongo peke yake.

Huku mlimani adui mwingine ni ukungu. Tangu masika ya Machi hadi Mei, na katika baridi ya Juni hadi Agosti, nyumba hazikauki vema. Liweke kochi shubiri moja mbali na ukuta, na dhiraa kadhaa mbali na jiko la mkaa. Fungua madirisha jua litokapo. Koga ikiota, litoe nje kivulini, uipanguse huko huko, nawe umejifunga kitambaa puani. Kisha pangusa kwa siki na maji, nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kila juma futa vumbi kwa kitambaa laini. Penye uchafu, tumia kitambaa kilichokamuliwa na sabuni nyepesi kidogo. Jihadhari na sabuni kali ya kufulia, magadi, mafuta ya taa na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa kuwa vyote hivyo huila ngozi au rangi yake. Mafuta ya chakula yakidondoka, nyunyiza poda, uiache usiku kucha, kisha uifute.

Mara moja au mbili kwa mwaka lipake mafuta maalumu ya ngozi, kidogo sana. Mafuta ya nazi hayafai: huganda joto lishukapo chini ya digrii 24, na katika baridi ya Tarakea hubaki meupe juu ya ngozi yakishika vumbi. Dawa ya viatu nayo hutia madoa kanzu na mabuibui ya wageni.

Kabla ya kununua, tazama upande wa chini wa ngozi. Ngozi ya kweli ina manyoyanyoya. Ya bandia ina kitambaa, nayo hubanduka wala haifaidiki kwa mafuta. Uliza pia ni ya mnyama gani. Ngozi ya mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa hutahirika kwa kutengenezwa, lakini katika madhehebu yetu ya nguruwe na ya mbwa haitahiriki kamwe.

Kuacha mali iharibike kwa uvivu ni israfu, na kuogopa kuharibu mali hata tukaacha tahara ni hasara kubwa zaidi. Mwenye kikombe cha maji, kitambaa kikavu na subira ameepukana na yote mawili. Wabillahi taufiki.