Kabla ya Kusambaza Ujumbe wa Shangazi



Wapendwa Taifa la Mungu, wengi wetu huku Bisibo tunaamka na kukuta katika simu ujumbe wa shangazi aliyeko Dar es Salaam: sala ambayo lazima itumwe kwa watu 12 kabla ya usiku wa manane, ama habari ya ugonjwa yenye amri ya kuwatumia wote. Kwa kuwa aliyetuma ni mzee wetu, tunaona haya kuhoji.

Sala ya vitisho haihitaji maneno mengi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inahesabu kuwa ni ushirikina kudhani kwamba sala hupata nguvu kwa tendo la nje tu. Tuufute ujumbe huo, tusali Baba Yetu.

Habari ya ugonjwa ni nzito zaidi, nasi tumeyaonja hayo. Tarehe 14 Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikaeleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo. Tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Basi aliyesambaza katikati ya juma kwamba yote ni uzushi alikosea, hata kama alikuwa na nia njema. Na aliyetangaza kwamba mji mzima unateketea alikosea pia. Katika siku kama hizo jibu la kweli ni "bado haijathibitika", huku mikono ikinawiwa.

Tuulize kwa adabu, tena faraghani, si mbele ya wakwe katika kundi la familia: "Shikamoo shangazi. Habari hii umeipata wapi, na ni ya lini?" Tarehe ni jambo kubwa, kwa maana Kagera ilipata Marburg mwaka 2023 pia, na ujumbe wa wakati ule ukitumwa leo huonekana mpya. Kisha tupige 199, namba ya Wizara ya Afya isiyo na malipo, au tumwulize mhudumu wa zahanati.

Na ikiwa tumekwisha kusambaza uongo? (Nasi mapadre hatujasalimika, tumewahi kutumiana maneno ya Baba Mtakatifu ambayo hakuyasema kamwe.) Namba 2487 inadai malipizi. Kufuta ujumbe kimyakimya hakutoshi: tuwaandikie walewale tuliowatumia, katika kundi lilelile, kwamba tulikosea.