Ndugu akiugua akili, atibiwe kabla ng'ombe hawajaisha

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Ufipa anaijua hasara ya kuchelewa. Mvua za Novemba zikimkuta hajatayarisha shamba, au palizi ikipita wakati wake, matokeo atayaona siku ya kuvuna. Lakini ipo hasara nyingine ambayo familia nyingi haziihesabu, nayo ni ya kuchelewa kumpeleka hospitali ndugu aliyeugua akili.

Chukua mfano wa familia yenye ekari tano za mahindi na maharage, na jozi moja ya maksai. Kijana wao anayeshika plau anaanza kukosa usingizi. Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na anawashuku majirani kuwa wanataka kumdhuru. Wazee wanakaa kikao na kuamua kuwa amerogwa.

Ng'ombe mmoja anauzwa ili kumlipa mganga wa kwanza. Wa pili anataka fedha taslimu, hivyo mahindi yanauzwa yakiwa bado shambani, kwa bei anayoipanga mlanguzi. Mama haendi kupalilia kwa kuwa lazima amlinde mgonjwa. Msimu unakwisha, kijana bado anaumwa, na nyumbani hakuna maksai wala mbegu.

Kusema hivyo si kudharau imani za watu. Jina lenyewe la Sumbawanga huelezwa kuwa kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi, na hofu ya kurogwa ni ya siku nyingi. Anayetaka kuombewa au kwenda kwa mganga ataendelea kwenda. La msingi ni kwamba asingoje mali iishe ndipo aende zahanati. Aidha, mgonjwa asifungwe minyororo, asichapwe, wala asiachishwe dawa.

Ni ugonjwa kama mengine

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, lakini hapa nchini wagonjwa wake wengi huhudumiwa katika kliniki hizo hizo. WHO inasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia ipasavyo.

Wengi wakisikia matibabu ya akili hufikiria Mirembe, hospitali iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927. Kutoka Sumbawanga hiyo ni safari ya mamia ya kilomita, na nauli peke yake huwakatisha watu tamaa.

Hata hivyo, si kila mgonjwa anahitaji kufika huko. Katika miaka ya 1980, mpango wa taifa uliosaidiwa na WHO na Denmark ulijaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kuwatambua wagonjwa wa akili na kuwatibu karibu na kwao. Miaka ya 2000, shirika la BasicNeeds lilifanya kazi mkoani Mtwara likiunganisha matibabu na shughuli za kujipatia kipato, ili aliyepata nafuu arudi katika uzalishaji.

La kufanya

Kwanza, anzia zahanati ya jirani. Mgonjwa akihitaji huduma zaidi, atapewa rufaa kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa mjini Sumbawanga. Ukishindwa gharama, muone ofisa ustawi wa jamii.

Pili, usikatishe dawa kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo, na matibabu huendelea kwa miezi. Kwa kifafa ni miaka. Kuacha ghafla, hasa wakati wa pilikapilika za kilimo, ni kurudi mwanzo.

Tatu, mrudishe kazini taratibu. Anaweza kuanza kwa kupukuchua mahindi au kuchambua maharage. Mwenye kifafa asikae peke yake karibu na moto au mtoni. Wale wanaoalikana kulima na kulipana kwa pombe ya ulezi, wamlipe mgonjwa kwa kitu kingine, maana pombe na dawa hizo havipatani.

Nne, mtu akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali. Dawa za kuhifadhia mahindi na za kuulia wadudu zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mwingine.

Tano, vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga sehemu ya mfuko wa jamii kwa ajili ya nauli ya kliniki. Tayari wanachama huchangiana katika misiba. Kumchangia mtu angali hai, akapona na kurejesha mkopo wake, ni faida kwa kikundi kizima.

Nauli ya kwenda kliniki haifikii bei ya ng'ombe mmoja. Familia ikiitoa mapema, kijana ana nafasi ya kushika plau tena mvua za Novemba zitakaporudi, na maksai wake watakuwa bado zizini.