Ini la asiyekunywa pombe

Inaposemwa msibani kuwa marehemu aliondoka kwa maradhi ya ini, wapo watu hushusha sauti. Kwa wengi wetu, ini ni kiungo kinachoharibiwa na pombe. Kwa hiyo mtu aliyezoea kusimama safu ya mbele msikitini, akifariki tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, huacha nyuma yake swali ambalo hakuna anayethubutu kumuuliza mjane. Tumelisikia likinong'onwa hapa Singida Mjini, na tumeona linavyoiumiza familia mara mbili: kwanza kwa tuhuma isiyo na msingi, kisha kwa sababu minong'ono ikishaisha, hakuna anayekumbuka kuwapeleka watoto wa marehemu kupimwa.

Hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Pombe huharibu ini, hilo halina ubishi. Lakini katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara, chanzo kikubwa cha saratani ya ini ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, au huambukizwa utotoni, au hupita katika damu na maji ya mwili ukubwani. Mtoto mchanga akivipata, mara nyingi hubaki navyo maisha yake yote bila homa wala maumivu, na ini lake hupata makovu taratibu. Tanzania iliingiza chanjo yake katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na leo hutolewa ndani ya sindano ya pamoja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baba, mama na kaka wakubwa waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata utotoni.

Wengi hugundua kwa bahati: mmoja amekwenda kumchangia damu mgonjwa, mwingine ni mjamzito kliniki. Na wapo vijana wetu wanaotafuta kazi nchi za Ghuba, ambako kipimo cha homa ya ini ni sharti la safari. Kijana huambiwa hafai kusafiri, hurudishiwa pasipoti, na pengine asielezwe neno zaidi. Hurudi nyumbani akidhani amepoteza kazi tu. Kumbe amepewa habari iliyo kubwa kuliko ile kazi, na hana wa kumfasiria.

Tuifasiri. Kuwa na virusi si kuwa na saratani, na walio wengi kati ya wanaoishi navyo hawatafikwa na saratani hiyo. Kazi ya daktari ni kujua nani yumo katika hatari kubwa, ili huyo afuatiliwe kwa karibu. Kwa ajili hiyo wataalamu wametunga vipimo vya alama. Kimojawapo, kiitwacho PAGE-B, kilichotangazwa mwaka 2016 kutokana na wagonjwa wa Ulaya waliokuwa wakitumia dawa za virusi hivyo, ni chepesi kiasi kwamba mtu aweza kukihesabu kwa vidole. Huuliza mambo matatu tu: umri, jinsia, na idadi ya chembe za kugandisha damu.

Aliye chini ya miaka 30 hapati alama. Wa miaka 30 hadi 39 hupata 2, wa 40 hadi 49 hupata 4, na kila muongo huongeza 2 hadi kufikia 10 kwa aliyetimiza 70. Mwanamume huongezewa 6, mwanamke sifuri. Chembe za kugandisha damu zikiwa laki mbili au zaidi katika tone dogo linalopimwa, ni sifuri. Zikiwa kati ya laki moja na laki mbili, ni 6. Zikipungua chini ya laki moja, ni 9. Jumla isiyozidi 9 ni hatari ndogo, 10 hadi 17 ni ya kati, 18 na kuendelea ni kubwa. Katika wagonjwa ambao kipimo hiki kilitungwa kwao, wa kundi la chini hakupatikana hata mmoja aliyeota saratani ndani ya miaka mitano. Wa kundi la juu walifikia takribani 17 katika kila 100.

Mtu atauliza, chembe za damu zina uhusiano gani na ini? Ini likijaa makovu husinyaa na kuwa gumu, damu inayolipitia hukwama, na bandama huvimba na kuzinasa chembe hizo. Kupungua kwake ni kama moshi unaoonekana kabla ya moto wenyewe. Na kipimo cha kuzihesabu si cha ajabu: ni picha kamili ya damu, ile ambayo wahudumu huiita FBP.

Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 45 mwenye chembe laki moja na nusu: 4, na 6, na 6, jumla 16. Dada yake wa miaka 38 mwenye chembe laki mbili na arobaini elfu ana alama 2. Wamezaliwa tumbo moja, wana virusi vilevile, lakini hawafuatiliwi kwa namna moja. Chembe za kaka zikishuka chini ya laki moja, anafika 19.

Hapa lakini tunaomba msomaji atulie. Kipimo kilichotungwa Ulaya hakitutoshi sisi moja kwa moja. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa mwaka 2017 ulionesha kuwa, ukiiweka Misri kando, nusu ya wagonjwa wa saratani ya ini walikuwa na miaka 46 au pungufu. Kijana wa miaka 28 ambaye baba yake alifariki kwa ugonjwa huu atapata alama 6 na kuhesabiwa salama, kwa kuwa hesabu ile haiulizi habari za baba. Haiulizi pia alikula nini.

Na kuhusu chakula, sisi wa kanda ya kati tuna la kusema. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga, iliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Chemba, moja ya wilaya zilizoguswa, inapakana na mkoa wetu. Wale waliuawa na kiasi kikubwa kwa muda mfupi. Kiasi kidogo cha kila siku hufanya kazi ya kimya kwenye ini. Utafiti wa wanaume wa Shanghai uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta kuwa sumu hii peke yake huongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 na zaidi, virusi peke yake mara 7, na vyote viwili vikikutana, karibu mara 60. Basi akina mama wanaochambua karanga wakatenga zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha wakazisaga hizo kwa ajili ya uji ili zisipotee, tunawasihi wazitupe. Hata kuku wasipewe. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na yahifadhiwe yakiwa makavu.

Tuondoe na hofu moja inayovunja nyumba. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sinia moja, kupeana mkono wala kuswali bega kwa bega. Tumesikia mama aliyetengewa sahani na kikombe chake. Hilo ni dhulma isiyomkinga yeyote. Panapostahili tahadhari ni kwenye wembe, iwe wa kunyolea, wa jandoni au wa anayepiga hijama: uwe mpya kwa kila mtu. Mume au mke wa mwenye virusi apimwe, na akikutwa salama, achanjwe.

Kwa ambaye ini limekwisha kusinyaa, au ambaye katika ukoo wake amekwisha kufa mtu kwa saratani hii, Shirika la Afya Duniani linaelekeza picha ya ultrasaundi pamoja na kipimo cha damu kiitwacho AFP kila miezi sita. Si mara moja halafu basi. Uvimbe huu hauumi ukiwa mdogo. Unapoanza kuuma, mara nyingi matibabu ya kuuondoa yamekwisha kupitwa. Ultrasaundi si lazima kuifuata Muhimbili, tuanzie katika hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Anayestahili dawa ya virusi huandikiwa kidonge cha kila siku, na hakiachwi kwa kujiona mzima, kwani virusi huweza kurudi kwa nguvu.

Na mjane tuliyeanza naye, ambaye pengine amefunga makaratasi ya hospitali ya marehemu katika mfuko na kuuweka juu ya kabati, au anafikiria kuyachoma ili yasisomwe na wageni: asiyachome. Ampe mtoto mkubwa ayabebe siku atakapokwenda kupima, na amwambie daktari, kabla hajaulizwa, baba alikufa kwa nini na akiwa na umri gani.